Cheti cha Gari la Maji

Mwaka ule, kwetu Newala, mgeni asiye na cheti ndiye aliyeshikwa kwanza. Askari wa Mdachi walipokuja kutafuta watu wa kubeba mizigo mpaka Lindi, majumbe hawakuhangaika kufikiri. Walitoa wageni, wenyeji wakabaki. Na mume wangu Yeremia alikuwa mgeni. Alitoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa, nchi ya Waingereza, akaja na msafara, akaugua, msafara ukamwacha misheni Masasi. Alipopona akapanda huku juu kuchuma utomvu wa mpira wa porini, akaniona, akanioa.

Mara ya kwanza walipomshika, mimba yangu ilikuwa imetimia miezi tisa. Alirudi baada ya siku thelathini na moja, bega limechubuka hata nyama ikionekana, akamkuta Ambrosi amekwisha zaliwa na amekwisha pewa jina na watu wengine. Alimpakata mtoto mpaka usingizi ukawachukua wote wawili. Alipoamka aliniambia kwamba hatashikwa tena. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaja siku ya kwenda shamba. Nilimwamini, maana niliona amekwisha pata wazo.

Wazo lenyewe lilikuwa gari.

Huku juu kwetu ardhi ni mchanga. Mvua ikinyesha inazama, hakuna mto wala kisima, na maji yote yako chini bondeni. Mwanamke anaondoka jogoo la kwanza na mtungi wake, anateremka, anangoja zamu, kisha anapanda na mtungi kichwani na mtoto mgongoni, na akifika nyumbani jua limesimama. Maji ya kunawa uso tunayapima kwa kiganja. Sasa Yeremia, huko kwao Blantaya, alikuwa amesukuma gari la mkono miaka miwili kwa mzungu mmoja mkulima wa kahawa. Siku alipoiona barabara mpya ambayo Wadachi waliwachimbisha watu, ile inayozunguka-zunguka kuteremka bondeni, alisimama akaitazama kama mtu anayetazama mtama uliokomaa.

Boma nalo lilikuwa na kiu. Karani wa boma, Mahmudu, mtu wa pwani, alitangaza sokoni kwamba hakuna ruhusa ya kupitisha gurudumu barabarani bila cheti. Mwenye cheti atapeleka maji bomani siku moja kila juma, na kwa ajili hiyo hatashikwa kwa kazi ya mizigo. Yeremia alirudi mbio kunieleza. Hayo ya mwisho aliyarudia mpaka nikamwambia basi, nimesikia.

Gari alilipata Masasi, kwa mfanyabiashara aitwaye Halfani. Lilikuwa la magurudumu mawili, limelala nyuma ya nyumba tangu mwenyewe ahamie Lindi, na mbuzi walikuwa wamelifanya dari. Yeremia alitoa mpira wote aliouchuma kwa miezi minane. Halfani akamuuliza kwa kebehi kama anajua kuliendesha au anakwenda kulifanya kitanda. Yeremia alinyanyua mipini akalizungusha uani mara mbili pasipo kugusa ukuta wala mbuzi. Alilisukuma siku tatu. Kijijini Chidya watoto walimfuata mpaka mwisho wa mashamba. Mafuta ya nyonyo ya kulainisha chuma cha magurudumu yalimwishia njiani, kwa hiyo sisi tulilisikia gari kabla ya kuliona, linalia kama kitu kinachochinjwa. Mama yangu alitoka nje na mchi mkononi.

Lililobaki ni cheti. Na mgeni hapewi cheti mpaka mwenyeji amsimamie. Mwenyeji wa Yeremia hangekuwa mtu mwingine ila Mjomba Majaliwa, kaka yake mama, ambaye sisi sote tulikaa uani kwake.

Hapa lazima nieleze, maana ndipo kosa lilipoanzia, na lilianzia kwangu.

Kwetu Wamakonde mwanamume huhamia kwao mke, na mwenye watoto ni mjomba. Kwao Yeremia mambo ni kinyume, baba ndiye mwenye kila kitu. Miezi ya kwanza alikuwa anasema mbele ya mjomba: jembe langu, shamba langu, mwanangu. Mjomba anageuza uso, anakohoa kile kikohozi chake cha kifua, na wanawake jikoni wanatazamana. Mkwe akisema "langu" ukweni, watu wanasikia kwamba anafunga mzigo aende zake. Basi nikamfundisha. Jioni mimi nilikuwa nikienda darasa la misheni kwa Mwalimu Silvano, nikirudi na herufi zangu nne tano, na baada ya chakula mimi nami nakuwa mwalimu. Sema jembe la mjomba. Sema shamba la mjomba. Ukimpa kitu, chuchumaa kwanza, umpe kwa mikono miwili. Usimtaje jina. Alikuwa akicheka, ananiuliza kama na tumbo lake nalo ni la mjomba. Lakini alijifunza. Mwaka haujaisha akawa na adabu kuwashinda wakwe waliozaliwa hapa hapa, na mimi nikawa natembea nimeinua shingo.

Siku ya kujaribiwa walipakia gari mapipa mawili yaliyojaa maji. Karani Mahmudu alimweleza sheria mbele ya watu: akae upande mmoja wa barabara, asimame filimbi ikilia, na machila iliyombeba mzungu ikipita aingize gari majanini avue kofia. Kisha ateremke mpaka konani, ageuze, apande tena, na maji yasipungue. Wanawake tulijipanga ukingoni na mitungi yetu. Kuchota maji ni kazi yetu, kwa hiyo unaweza kufikiri maneno yaliyomwagika pale. Mmoja alimuuliza kama kesho atakuja na kutwanga. Yeremia akasema atatwanga, bora apewe unga wake. Mwingine akasema mwanamume huyu tumfunge kanga kabisa.

Kisha aliteremka, tukanyamaza. Alikuwa amefunga gogo kwa kamba nyuma ya gari, likiburuzika mchangani kuzuia mwendo, na yeye mwenyewe ameegemea nyuma kama anayevuta ng'ombe mkaidi. Filimbi ikalia katikati ya mteremko. Gari likasimama. Maji yalicheza tu midomoni mwa mapipa. Yule aliyetaka kumfunga kanga ndiye aliyepiga vigelegele kwanza.

Veranda ya boma sisi hatukufika, waliingia wanaume. Yaliyosemwa huko mjomba alitusimulia jioni, na alisimulia kwa furaha mpaka kikohozi kikamkatiza. Karani alikuwa amekaa na kalamu, akauliza gari hili ni la nani. Mkwe wake, mbele ya watu wote wale, mbele ya askari na majumbe, akachuchumaa akasema, "Ni la mjomba." Karani akauliza mjomba anaitwa nani. Mkwe akainamisha kichwa, hakutaja. Mjomba mwenyewe akajibu, "Majaliwa." Karani akaandika, akapiga mhuri, akawaambia waende.

"Mgeni, lakini ana adabu kama kazaliwa na dada yangu," mjomba alisema.

Yeremia alitabasamu akitazama chini. Alingoja mpaka tumeingia ndani kwetu, ndipo akatoa karatasi kifuani akanipa.

"Nisomee, Mama Ambrosi."

Mwandiko wa karani ulikuwa umeshikana, si kama herufi za Mwalimu Silvano ubaoni. Nilisoma polepole moyoni, kidole kikitembea. Majaliwa wa Newala. Gari moja la magurudumu mawili. Apite barabara ya boma. Asishikwe kwa kazi ya mizigo. Nikarudi juu nikasoma tena. Nikatafuta Y kubwa ya jina lake kila mstari. Haikuwepo.

"Jina langu liko wapi?" akauliza.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Alikuwa amechoka, mikono imechubuka, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona tangu anioe. Kumwambia kweli ni kumrudisha kwa karani akaseme mbele ya mjomba, "Gari ni langu, niandikeni mimi," na hilo mimi mwenyewe nilimkataza mwaka mzima. Nikaona bora niongee na mjomba kwa utaratibu, waende wao wawili, wakirekebishe cheti kwa heshima. Kesho. Au kesho kutwa. Nikashika kidole chake nikakiweka juu ya neno la kwanza.

"Hapa," nikasema. "Yeremia."

Alikiacha kidole pale muda mrefu.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazuri, na ndiyo yanayoniuma. Gari lilishuka na kupanda. Siku za boma alipeleka bomani, siku nyingine alileta kwetu na kwa jirani, wao wakatupa mihogo na kunde. Nilioga. Nilimuogesha Ambrosi katika maji yanayomfika tumboni, akayapiga makofi. Yeremia aliweka cheti ndani ya kipande cha mwanzi, akakivaa shingoni kwa kamba. Jioni alikitoa, akafuata lile neno la kwanza kwa kidole, kisha akalichora mchangani mbele ya mtoto akimwambia, "Hili ndilo baba." Alilichora sawasawa, herufi kwa herufi. M ile. J ile. Mimi nikainuka nikaenda kutazama chungu.

Mara mbili nilikwenda kwa mjomba nimedhamiria. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili alikuwa peke yake, nikamsalimu shikamoo, akasema marahaba mwanangu, akaanza kumsifu Yeremia, na maneno yangu yakarudi chini. Nikajipa moyo kwamba karatasi ni karatasi, nani ataisoma?

Katika mwezi wa Agosti habari za vita zilipanda mlima. Watu wa kaskazini, waliokunywa dawa ya maji, walikuwa wanakuja. Kisha watu wa Masasi wakaanza kupita na magodoro na kuku, wakisema misheni imeungua. Baada yao wakaja askari kutoka Lindi, wengi, na karani wao ambaye hatukumjua. Mahmudu wetu alikuwa amekwenda pwani wala hakurudi. Amri ilikuwa fupi: kila ua utoe mwanamume mmoja wa kubeba mizigo.

Uani kwetu wanaume walikuwa wawili tu, mjomba na Yeremia.

Walikuja asubuhi, tumekaa. Yeremia hakuogopa hata kidogo. Alisimama, akavua kile kipande cha mwanzi, akakunjua cheti akampa karani. Karani akasoma kwa sauti.

"Majaliwa wa Newala. Ndiwe?"

Yeremia akacheka kidogo, kama anayemwonea haya mtu aliyekosea. "Bwana karani, tazama vizuri. Hapo pameandikwa Yeremia. Mke wangu amenisomea."

Askari wawili waliangua kicheko. Mmoja akamwuliza mwenzake kama kwao wake wanasoma. Karani hakucheka. Alitazama huku na huku mpaka akaniona.

"Wewe ndiye mke wake? Njoo usome."

Nilikwenda na Ambrosi mgongoni. Aliishika ile karatasi mbele ya uso wangu. Herufi zilikuwa wazi kama mawe. Nilifikiri niseme Yeremia, niseme hivyo hivyo mpaka mwisho, lakini mtu anayejua kusoma alikuwa amesimama mbele yangu, na uongo wangu ungemfanya Yeremia mwongo pamoja nami, na nilijua wanawafanya nini waongo mwaka ule.

"Majaliwa," nikasema.

Yeremia alinitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Aliniangalia kama mtu aliyeamshwa mahali asipopajua, akitafuta kitu kimoja anachokifahamu.

Hapo mjomba akainuka. Mzee yule alikuwa hawezi kupanda hata kwenye ghala bila kupumzika njiani. Alijikokota akaja akasimama kati ya mume wangu na askari.

"Bwana, hapana tatizo," alisema. "Majaliwa ni kijana huyu, cheti ni chake. Mimi ndiye Yeremia. Nichukueni mimi."

Akaanza kukohoa, akainama, mikono magotini. Askari wakangoja kikohozi kiishe, hakikuisha. Karani alichoka nasi. Alisema kwake yeye ni sawa sawa, mwenye cheti atabaki na asiye na cheti atakwenda, waseme upesi nani ni nani, mizigo iko juani.

Nilimtazama mume wangu nikamwombea aseme neno moja tu. Mimi ni Majaliwa. Maneno matatu, basi. Nilitamani atamke jina ambalo mwaka mzima nilimkataza kulitamka. Mungu anisamehe, nilitamani mjomba wangu aende.

Yeremia alikichukua cheti mkononi mwa karani. Alikikunja, akakirudisha ndani ya mwanzi. Akachuchumaa mbele ya mjomba kama nilivyomfundisha, akampa kwa mikono miwili.

"Cheti ni cha mjomba," alisema. "Gari ni la mjomba."

Kisha akasimama, akajitaja jina lake, akaenda kupanga mstari. Hakuniaga. Alimgusa Ambrosi kisigino alipopita nyuma yangu. Sikumwona, ila mtoto aliruka mgongoni na kucheka.

Jioni ile nilimweleza mjomba yote. Yeye alidhani ni kosa la karani tu, kumbe mimi nilijua tangu usiku wa kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka anigombeze, anipige hata, lakini alikaa na mwanzi ule mapajani akiuzungusha.

"Na mimi nilifurahi," alisema mwishowe. "Alipochuchumaa bomani pale, mbele ya majumbe. Nilifurahi nikasahau kuuliza kilichoandikwa."

Hatukusema tena habari hiyo. Asubuhi kijana wa jirani alijaribu kuliteremsha gari, likamshinda kwenye kona ya kwanza, likaenda lenyewe mpaka chini. Nikarudi kwenye mtungi.

Vuli ilinyesha, tukapanda. Watu wengine walirudi, wengine hatukupata habari zao. Mwezi wa Januari akarudi jirani yetu aitwaye Safari, wa ua wa tatu kutoka kwetu, amekonda, miguu yote miwili imefungwa vitambaa. Alisema walikuwa pamoja na Yeremia mpaka Lindi, na huko wakatenganishwa. Wakati wanaachana Yeremia alikuwa mzima, ila mguu wa kushoto umevimba, na mtu mmoja wa bandarini alikuwa amemchukua kusukuma magunia kwa gari.

Nilimwuliza kama alimwulizia mtoto. Akasema alimwulizia, kila siku, hata watu wakamchoka. Alitaka kujua kama amesimama.

Nikamwuliza kama aliniulizia mimi.

Safari alishughulika na kitambaa cha mguu wake. Akasema njaa ilikuwa kali, watu hawakuwa wanaongea sana. Akaniomba maji. Nilimletea kata nzima, akanywa yote, akanishukuru, akasema arudi kwao kabla mvua haijaanza.

Nilikaa na jibu hilo siku tatu. Siku ya nne nilikwenda kwa mjomba nikamwambia nataka kwenda Lindi. Niliwaza atakataa: njia bado mbaya, mimi ni mwanamke, nina mtoto, na nani ajuaye kama aliyekuwa huko bado yuko huko. Mjomba aliuliza kama nimekwisha kutwanga unga wa njiani. Nikamwambia bado kidogo. Akasema mwenyewe atanisindikiza mpaka atakapochoka, na atakapochoka ndipo tutajua la kufanya.

Kwa hiyo kesho tunaondoka. Unga uko tayari, na viazi, na nguo moja ya Ambrosi ya kubadilisha. Nimejaribu kupanga nitakachomwambia Yeremia, nikaandika nyuma ya karatasi ya darasa, nikafuta. Naona ni afadhali nifike kwanza. Nikimkuta, nitamwambia kwa mdomo, polepole, bila kuacha hata neno moja, na yeye aseme la kwake, liwe lolote. Ambrosi ameanza kusimama juzi. Anashika ukuta, anasimama, anatazama huku na huku, kisha anakaa.